Ufuo wa Nyuma ya Kilima

Mume wangu alipoambiwa kwamba binti yetu anataka kunipeleka Brazili kuona bahari, aliweka kikombe chini akauliza, "Bahari gani hiyo ya kwenda kwa ndege, na ya Tanga imekaa pale bure?"

Mimi na yeye sote ni watu wa Tanga. Tulikuja Johannesburg tungali vijana, tukapanga chumba Jeppestown, tukaanza kushona: yeye suruali na makoti, mimi nguo za kike, sare za shule na mapazia. Mpaka leo duka letu liko hapo hapo, chini ya jengo kuukuu lililokuwa ghala, katikati ya fundi magari wa Kikongo na mama wa Kirundi anayesuka nywele. Binti yetu ni mtoto wetu wa pekee, na amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata mafumbo ya baba yake anayashika, lakini tangu alipoanza shule akawa anatujibu kwa Kiingereza, na akikasirika, kwa Kizulu. Tulizoea. Nyumba nyingi za wenzetu ziko hivyo: mzazi anasema hivi, mtoto anajibu vile, na maisha yanakwenda.

Chuo alisoma Durban, na huko ndiko alikojifunza mchezo wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi. Sisi tuliuona kwenye picha za simu tu. Alipopata kazi Midrand, kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, tulidhani ataacha, maana Midrand bahari iko wapi? Hakuacha. Ijumaa akitoka kazini anafunga ubao juu ya gari, anashuka Durban, na Jumapili anarudi macho mekundu kwa chumvi. Kila mara alikuwa akiniambia twende wote nikamwone. Lakini Jumamosi ndiyo siku yetu ya kazi, siku ambayo watu wa harusi wanakuja kuchukua nguo zao na kugundua kuwa wamenenepa. Na tena, kusema kweli, sikuwa na hamu ya kumwona. Jambo usilolishuhudia kwa macho halikukoseshi usingizi sana.

Halafu kampuni yake ikaamua kumpeleka São Paulo, huko Brazili, kwa mafunzo. Alipomaliza kupanga mambo yake akaja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema ameomba likizo ianze pale mafunzo yatakapoisha, na tiketi ya pili ni yangu. Kuna kisiwa anataka kwenda, akasema, chenye ufuo ambako hakuna aliyejenga. Hakuna hoteli, hakuna barabara, hakuna hata kibanda cha soda. Kuna mchanga, msitu na mawimbi, basi.

"Huko hakuna Jumamosi, Mama," aliniambia kwa Kiingereza chake. "Na ushone nguo ya kuogelea."

Nilimwambia mwanamke wa umri wangu haogelei, na zaidi ya hayo sijui. Watu hushangaa nikisema hivyo, kwa kuwa nimekulia pwani. Lakini kwetu sisi wasichana tulishuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Tulikunja nguo magotini, tukaokota kombe na kaa, na maji yakianza kujaa tukarudi nyumbani. Bahari niliyoijua mimi ni ile iliyokwisha kuondoka.

Hata hivyo nilikwenda Fordsburg nikanunua kitambaa kinachovutika, rangi ya buluu iliyokolea, na mchana mmoja wateja walipopungua nikakata. Mikono mirefu, suruali mpaka kwenye vifundo, gauni fupi juu yake, na kofia ya kufunika nywele. Mume wangu aliiinua mbele ya dirisha akaigeuza huku na huku.

"Hii sare ya shule gani?" akauliza.

Nikamwambia arudi kwenye makoti yake.

Nilichomwa sindano ya homa ya manjano, nikapewa kadi yake, nikaondoka Johannesburg asubuhi moja ya Julai nimevaa sweta mbili. Binti yangu alinipokea São Paulo, na siku iliyofuata tukapanda basi la kwenda pwani. Safari ilikuwa ndefu, milima na migomba na miji midogo. Nyuma yetu walikaa wazungu wawili watalii, mume na mke, wakiongea Kiingereza. Mume alikuwa amevua viatu.

Binti yangu akanisogelea sikioni akanong'ona, "Mama, hii mtu ya nyuma, miguu yake inanuka."

Niligeuka, lakini niliyemtazama ni yeye, si yule mtu. Alikuwa amesema Kiswahili. Kibovu, kweli, ngeli zimepishana kama magari kwenye roboti mbovu, yaani taa za barabarani, lakini ni Kiswahili. Akaona ninavyomtazama, akacheka.

"Nikisema Kiingereza atasikia," akasema. "Hii ndiyo lugha yetu hapa. Hakuna mtu anajua."

Tangu pale mpaka tunarudi nyumbani alisema Kiswahili. Mwanzo ilikuwa siri ya kuwasengenyea watu, baadaye ikawa mazoea. Nami sikumsahihisha hata mara moja. Niliogopa nikimkatiza atakumbuka kwamba haongei.

Kisiwa kinaitwa Ilha Grande, maana yake Kisiwa Kikubwa. Tulivuka kwa boti, tukashuka kwenye kijiji kisicho na magari. Mizigo ilisukumwa kwa mikokoteni, na njia zake ni mchanga mtupu. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mmoja mnene mwenye mikono ya unga, kwa kuwa alikuwa akioka wakati tulipofika. Hakujua Kiingereza. Alituonyesha chumba, akagonga meza akasema ni "mesa". Nilimwambia kwetu pia ni meza. Akashika leso yangu, hii tunayojifunga watu wa pwani, akatamka neno lililofanana na leso. Tukawa marafiki kwa maneno mawili. Kisha nikamuuliza, kwa ishara, msikiti uko wapi, maana nilitaka kujua kama upo. Akafikiri, akanielekeza mwisho wa njia, akisema tena na tena neno lililonifika sikioni kama "gereza".

"Ananipeleka gerezani," nilimwambia binti yangu.

Akatazama kwenye simu yake. Yule mama alikuwa akisema "igreja", na kwao hilo ni kanisa. Aliona sina msikiti basi angalau niende kanisani. Tulicheka mpaka tukakaa kitandani. Baadaye tulisoma kwamba zamani kisiwani kulikuwa na jela kweli, kubwa, upande wa pili, na ndiyo sababu watu hawakupaendea kujenga. Jela ilivunjwa, msitu ukabaki.

Asubuhi tulichukua boti ndogo mpaka kwenye ghuba tulivu, binti yangu akiwa na ubao wa kukodi. Ufuo tuliokuwa tunauendea uko ng'ambo, upande wa bahari kuu, na boti haiwezi kutia nanga pale kwa ajili ya mawimbi. Kwa hiyo watu wote hushuka kwenye ghuba na kupanda kilima kwa miguu. Njia ni nyembamba, mizizi imejipinda chini kama ngazi. Binti yangu alitangulia, ubao kichwani. Mahali fulani tukasikia mngurumo mzito juu ya miti, nikasimama.

"Ni kima tu, Mama," akasema. "Wanapiga kelele, lakini wadogo."

"Kama baba yako," nikasema.

Tulipoanza kuteremka, upepo ulibadilika, nikasikia harufu ya chumvi. Halafu msitu ukaisha ghafla na ufuo ukawa mbele yetu.

Nimeona fukwe. Lakini zote nilizowahi kuziona zilikuwa na mtu: nyavu zinaanikwa, mihogo inakaangwa, watoto wanacheza mpira, kuna ukuta wa hoteli. Hapa palikuwa na mchanga mweupe unaopinda mpaka macho yanachoka, na msitu umesimama nyuma yake, na kati ya viwili hivyo hakuna kitu. Mchanga ulikuwa laini kama unga uliochekechwa, na ukiukanyaga unalia, kwi kwi, kama viatu vipya. Kando ya msitu ilisimama miti yenye majani mapana mekundu na matawi yaliyolala. Niliitambua mara moja. Ilikuwa mikungu, ile ile tuliyokuwa tukigonga kokwa zake kwa mawe tulipokuwa watoto. Nilishika gome la mmojawapo. Sikujua nani aliuleta huku.

Watu walikuwa wachache sana. Majini niliona vichwa vinne au vitano vyeusi, mbali, vikipanda na kushuka na maji.

Nikatandika leso yangu nyekundu chini ya mkungu. Binti yangu akajifunga kamba ya ubao mguuni, akajipaka mafuta ya jua usoni, akatazama bahari kwa muda mrefu. Sikuwahi kumwona akitazama kitu hivyo, isipokuwa alipokuwa mdogo akijaribu kusoma.

"Kaa hapa, Mama," akasema. "Nikuone."

Akaingia. Alilala kifudifudi juu ya ubao akapiga maji kwa mikono, akapita chini ya wimbi la kwanza, la pili, akaibukia nyuma yake. Kisha akakaa juu ya ubao kama mtu anayengoja zamu hospitalini. Mawimbi mengine aliyaacha yapite. Nikawa najiuliza, huyo anachagua nini? Maji yote ni maji. Mara akageuka, akapiga mikono kwa nguvu, na wimbi likamnyanyua. Akasimama.

Hilo ndilo nililokuwa nimekataa kuliona miaka yote. Alisimama, magoti yamekunjika kidogo, mkono mmoja mbele, na ile milima ya maji iliyokuwa ikinitisha ikambeba kando, kando, mpaka ikaishiwa nguvu na yeye akashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi ya mwisho. Nilijikuta nimesimama wima. Nilitazama kushoto na kulia nimwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu.

Alirudia mara kadhaa. Nikatulia. Nikala ndizi. Nikafikiri nimeshaelewa huo mchezo, nikainama kukung'uta mchanga kwenye mkoba, na nilipoinua uso sikumwona.

Vichwa vilikuwepo, lakini hakuna kilichokuwa chake. Nilikinga macho na jua. Wimbi likaanguka, likaanguka jingine. Palipokuwa na binti yangu palikuwa na maji.

Sikupiga kelele. Kwa nani? Mzee mmoja mwenye nywele nyeupe kabisa alikuwa ametoka majini wakati huo, ubao kwapani. Nilimfuata, nikamwonyesha bahari, nikamwonyesha kimo cha binti yangu, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu simwoni." Akaelewa. Akasimama akaangalia maji upande huu na ule, kisha akanyoosha kidole mbali sana, upande wa miamba, akasema maneno marefu huku mkono wake ukichora kitu kinachovuta. Nikaona doa dogo, likapotea, likaonekana tena. Akauchomeka ubao wake mchangani, akanifanyia ishara kwamba twende.

Niliikwapua leso chini, nikajitupia mabegani, tukaanza kutembea. Yeye hakukimbia, kwa hiyo nami nikajizuia. Alikuwa akiongea Kireno njia nzima, kwa sauti ya chini, kama anayemtuliza ng'ombe, nami nilikuwa nikimjibu kwa Kiswahili. Nilimwambia kwamba ni mtoto wetu wa pekee. Nilimwambia baba yake anashona makoti. Nilimwambia mambo ambayo hata jirani zangu wa Jeppestown hawayajui. Mchanga ulilia chini ya miguu yetu, na lile doa likawa linaongezeka kidogo kidogo, likawa kichwa, likawa mabega, likawa mtu anayepiga maji kwa mikono taratibu kuelekea ufuoni.

Alitoka karibu na kijito kinachoingia baharini. Alikuwa amechubuka paja, na pezi la ubao lilikuwa limevunjika. Alikaa chini, akainamisha kichwa, akahema. Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpa, makali yote. Nilipofika yalikuwa yametoweka.

"Una njaa?" nikamuuliza.

Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena. "Eish, Mama. Nimekuwa na njaa tangu kule kwa miamba."

Yule mzee alimkagua paja, akampiga begani, akapokea ndizi niliyomtolea mkobani, akarudi alikotoka akiimenya. Sikumwona tena.

Tulikula mkate na muhogo wa kukaanga aliotufungia yule mama wa nyumba ya wageni. Nilipoona rangi imemrudia usoni, nikamwambia anieleze.

"Mkondo ulinichukua," akasema. "Mimi sikujua. Maji iko sawa tu, unaona kama umekaa pahali pamoja. Hapa hakuna nyumba, hakuna mwamvuli, unajua uko wapi kwa kuangalia nini? Nilikuwa naangalia ile leso yako. Halafu nikaona leso imekuwa ndogo. Sasa nikajua, si leso inaenda, ni mimi."

"Ukafanya nini?"

"Nikapigana kurudi. Nikachoka. Nikakumbuka mtu hapigani na mkondo, anaenda kando mpaka mkondo imwachie. Lakini kando gani? Nikaangalia tena, nikaona ile nyekundu inatembea. Inakuja huku. Nikasema sawa, Mama anakuja huku, na mimi naenda huku."

Nilitazama ule ufuo, nikauona kwa mara ya kwanza kama anavyouona yeye akiwa majini: mstari mweupe mrefu, na juu yake tone moja la rangi.

Ni hapo, tukiwa bado tunatafuna muhogo, aliponiambia jambo alilonileta kuniambia. Kampuni ilitaka kumpandisha cheo Midrand. Yeye ameomba wampeleke bandarini Durban, kwenye nafasi ndogo kuliko aliyo nayo. Wamekubali. Atahama baada ya likizo.

"Baba atasema nimerudi nyuma," akasema.

Nilimkumbuka mama yangu, siku nilipomwambia kwamba mimi na mume wangu tunakwenda Kusini. Alikuwa ameketi na ungo, anachagua mchele. Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe, akayatupa pembeni moja moja, kisha akaniuliza basi linaondoka saa ngapi. Nilidhani wakati ule kwamba hajali. Sasa nilikuwa nimekaa mahali pake, na nikajua kazi iliyomo katika swali kama lile.

"Utakaa wapi?" nikamuuliza binti yangu.

"Karibu na bahari."

"Hilo najua. Nyumba gani, na nani?"

Akaanza kunieleza kuhusu chumba, jikoni, rafiki wa chuo atakayeishi naye. Nilimuuliza madirisha mangapi na ya ukubwa gani, kwa sababu ya mapazia. Tulirudi kwa kupanda kilima polepole, yeye akichechemea, mimi nimebeba ubao. Ni mwepesi kuliko unavyoonekana.

Kesho yake paja lilimuuma, kwa hiyo hatukwenda ng'ambo. Tulikwenda kwenye ghuba ndogo karibu na kijiji, ambako maji yametulia kama yaliyomo kwenye beseni. Nilivaa nguo yangu ya buluu. Hakuna aliyenitazama, ila mwanamke mmoja aliyekuwa akimwogesha mbwa alinipungia mkono. Binti yangu aliniingiza mpaka kifuani, akaniambia nilale chali.

"Nitazama."

"Mkono yangu iko chini yako."

Nililala. Kwanza mwili wote ulikakamaa, nikanywa maji, nikasimama nikikohoa. Tukarudia. Safari ya tatu au ya nne masikio yaliingia majini na kelele zote zikanyamaza, nikabaki nasikia pumzi yangu tu. Juu palikuwa na mawingu na ndege mkubwa mweusi asiyepiga mbawa. Nilihisi kiganja chake mgongoni, mahali pale pale ambapo mimi nilikuwa nikimshika alipokuwa mchanga, nikimwogesha kwenye karai Jeppestown. Baadaye sikukihisi. Nilitaka kumwuliza kama ameondoa, nikaona nikiuliza nitazama, basi nikanyamaza nikaelea.

Tuliporudi Johannesburg kulikuwa na baridi ile kavu inayopasua midomo. Mume wangu alitupokea uwanja wa ndege. Kwenye gari binti yetu alimweleza habari ya Durban mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kupinda, na nadhani ni hicho Kiswahili kilichomnyang'anya baba yake maneno. Tukapita roboti kadhaa. Kisha akasema, "Bandari ni kazi nzuri. Meli haziishi."

Sasa binti yetu yuko Durban. Mara moja kila baada ya miezi kadhaa tunafunga duka Jumamosi, jambo ambalo wateja wetu bado hawajalisamehe, na tunashuka kwa basi. Mara ya kwanza mume wangu alikwenda ufukweni amevaa koti alilolishona mwenyewe, na viatu vya ngozi, akakaa kwenye benchi la saruji mgongo umenyooka. Nilimwonyesha yupi ni yupi kati ya vichwa vya majini. Alimwona binti yetu akisimama juu ya wimbi, akamwona akianguka, akamwona akipanda tena ubaoni na kurudi kule kule alikoangukia.

Alitazama muda mrefu. Nilidhani anatafuta neno zito.

"Anafanya hivi mpaka saa ngapi?" akaniuliza.

"Mpaka achoke."

Akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga, akakiweka kando yake kwenye benchi. Kisha akavua na cha pili.